Duka la Mtaa na Utamaduni wa Taifa: Jibu kwa Wanaolidharau

Mtu akivifungua vitabu vilivyoandikwa nchini mwetu kuhusu utamaduni wa Taifa, atakuta humo ngoma na jando, mavazi na mapishi, vinyago, matambiko, methali na hadithi za kale. Vyote hivyo vinastahili kuwamo. Lakini atalitafuta duka la mtaa asilione. Na pale linapotajwa, hutajwa katika sura ya uchumi, limesimamishwa kizimbani pamoja na ulanguzi na unyonyaji. Au hutajwa katika masimulizi ya wazee wanaoulilia ujana wao, siku ambazo pipi ilinunuliwa kwa ndururu. Nataka kusema waziwazi tangu mwanzo kwamba namna zote mbili hizi zimepotoka. Duka la mtaa lilikuwa, na mahali pengi lingali, moja ya shule kubwa za utamaduni wetu, hasa za lugha yetu ya Taifa. Na wataalamu walioliacha nje ya hesabu hiyo wamefanya hivyo kwa hoja dhaifu, ambazo nakusudia kuzijibu.

Ushahidi wangu nitautoa Sombetini, kwa sababu ndiko nilikotumwa dukani nikiwa mtoto, na kwa sababu mtaa ule unalionyesha jambo hili kwa uwazi kuliko mitaa mingi. Sombetini ni kata ya Jiji la Arusha, upande wa chini wa mji, mahali ambapo Mlima Meru huonekana wote asubuhi na mapema kabla mawingu hayajaufunika. Haikuwa kijiji cha kabila moja. Walikuwako Waarusha, ambao lugha yao ni ya Kimaasai. Walikuwako Wameru walioshuka kutoka mlimani, Wachaga na Wapare waliotoka mkoa wa jirani, Warangi, Wairaqw, Wanyaturu, na Wasomali wachache. Watu hawa waliletwa na kazi: kazi za viwandani, za mashamba ya kahawa, za ujenzi, za kubeba mizigo. Mtaa uliopakana nao huitwa Unga Limited, kwa jina la kampuni ya kusaga unga, na hakuna aonaye ajabu kuitwa mkazi wa kampuni. Hapo peke yake pangetosha kumwonya mtaalamu wa utamaduni kwamba katika miji yetu biashara imewapa watu hata majina ya mahali wanapozaliwa.

Ndani ya nyumba zile kila familia ilisema lugha ya kwao. Uani, watoto walichanganya maneno ya lugha tatu nne bila kujali. Shuleni mtoto alikwenda akiwa na umri wa miaka saba au zaidi. Basi ni wapi mtoto wa miaka mitano alipolazimika kwa mara ya kwanza kusema Kiswahili, peke yake, bila mama pembeni, mbele ya mtu mzima asiye wa ukoo wake, tena kwa jambo ambalo kosa lake lingeonekana siku hiyo hiyo? Si jukwaani. Si katika halaiki ya sherehe. Ni mbele ya kaunta ya duka, ambako akikosea neno alirudi nyumbani na magadi badala ya chumvi, na wote wakala mboga hiyo usiku.

Hebu tuitazame kazi yenyewe ya kutumwa, maana wanaoidharau hawajapata kuitazama. Mama alitoa ujumbe kwa lugha ya nyumbani. Mtoto aliupokea, akaugeuza kuwa Kiswahili njiani, akaukariri kwa sauti kila hatua mpaka dukani, asije akaupoteza akimkwepa mbwa au akisimama kutazama wenzake wakicheza gololi: sukari nusu robo, mafuta ya taa ya thumuni, kiberiti kimoja, chenji ishirini. Watoto wa Sombetini walikuwa wakalimani kabla hawajajua kwamba liko neno mkalimani. Tena hawakufasiri maneno matupu. Walifasiri vipimo, bei, na hadhi ya nyumba iliyowatuma.

Halafu kulikuwa na adabu. Mtoto wa Kiarusha hufundishwa kumwamkia mkubwa kwa kuinamisha kichwa ili mkubwa akiguse. Desturi hiyo ni nzuri na ina heshima yake. Lakini mbele ya kaunta iliyo juu kuliko kimo cha mtoto, kichwa kikiinama hakionekani. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa na duka karibu na kwetu, ambaye hakuwa Mwarusha, alikuwa na neno moja kwa watoto wa namna hiyo: "Sema shikamoo, nikusikie." Mtoto akisema, mama yule alinyoosha mkono juu ya kaunta akakigusa kichwa kile pia. Hakuna mwalimu aliyemwagiza kufanya hivyo, wala hakupata kusoma waraka wowote wa Wizara. Mila mbili zilikutana pale, kila moja ikachukua kitu kwa mwenzake, na mtoto akaondoka na vyote viwili. Nauliza: kama huo si utamaduni wa Taifa, ni nini? Mtoto aliyesema "nipe" alirudishwa aanze upya. Aliyesema "naomba" alipokewa. Aliyekuja mbio akawapita wazee waliomtangulia aliambiwa akae kando mpaka wote wahudumiwe, na nyumbani habari ilifika kabla yake.

Lugha ya vipimo ilikuwa somo jingine, na kwangu mimi ndilo lililokuwa tamu kuliko yote. Kulikuwa na kibaba na pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Kulikuwa na fungu, kipande, mche wa sabuni, kopo, chupa, debe. Wazee waliendelea kutaja ratili na wakia miaka mingi baada ya mizani kubadilishwa kuwa za kilo, hivyo mtoto alilazimika kujua hesabu za zamani na za sasa, kama mtu anayeishi katika nchi mbili. Robo, nusu, nusu robo: hizo ndizo sehemu tulizozijua kwa macho na kwa uzito wa mkono kabla ya mwalimu kuziandika ubaoni. Na fedha zenyewe zilikuwa kitabu. Shilingi ya Tanzania ilianza kutumika mwaka 1966, na sarafu zake zilikuwa na picha: samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye thumuni, na kwenye shilingi mkono ulioushika Mwenge. Mtoto ambaye hakupata kuuona Mwenge wa Uhuru ukipita barabarani aliushika ukiwa na joto la kiganja chake, akaenda nao dukani kununua unga.

Sijaitaja bado karatasi. Chumvi, sukari, karanga, maandazi, vyote vilifungwa katika karatasi iliyosokotwa kama pembe, na karatasi hiyo ilikuwa gazeti la zamani au ukurasa wa daftari la shule. Katika nyumba ambazo hazikuwa na kitabu chochote isipokuwa Biblia au Kurani, pembe hizo za karatasi ndizo zilizokuwa maktaba. Tulizikunjua, tukazipangusa mafuta, tukasoma nusu ya habari ya gazeti la Uhuru, nusu nyingine ikiwa imekwenda na mteja mwingine. Sijui ni wangapi katika kizazi chetu waliojifunza kusoma kwa kutafuta mwisho wa habari uliopotea, lakini mimi ni mmoja wao.

Sasa nije kwa wapinzani. Hoja wanayoipenda zaidi ni kwamba duka si letu. Wanasema, na ni kweli, kwamba neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, dukkan, na kwamba Wahindi nao wanalo katika lugha zao. Wanaongeza kwamba Wajerumani walipojenga boma lao Arusha mwaka 1900, wafanyabiashara wa Kihindi walifuata nyuma yao, kama walivyoifuata reli na bendera kila mahali. Watamtaja Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, aliyekuwa na maduka tangu pwani hadi Uganda. Kisha hufunga kesi: kitu cha wageni, kilicholetwa na wageni kwa faida ya wageni.

Kwa kipimo hicho, tutabaki na nini? Kanga, ambayo hakuna sherehe ya Taifa inayokamilika bila yake, ilichapwa India na Japani kwa miaka mingi kabla ya Kiwanda cha Urafiki kuanza kazi Dar es Salaam mwaka 1968. Mahindi yalitoka Amerika, chai ilitoka Asia, na hakuna anayethubutu kusema kwamba ugali si chakula chetu. Utamaduni haupimwi kwa cheti cha kuzaliwa. Swali la haki ni hili: watu walikifanyia nini kile walicholetewa? Nao watu wa nchi hii waliligeuza duka. Walilijaza adabu zao, lugha yao, utani wao. Hata jina la mwenye duka wamelibadilisha. Leo katika miji mingi ya Tanzania mtu hasemi anakwenda dukani. Husema anakwenda kwa Mangi. Mangi ni cheo cha watawala wa jadi wa Uchagani. Bunge lilifuta uchifu kwa sheria mwaka 1963, na wengi tulidhani cheo hicho kimekwisha kazi. Kumbe kilikwenda kufungua duka! Kwingine utasikia kwa Mpemba. Huko Mbeya na Iringa wanasifiwa Wakinga. Makabila yetu yametaniana, yamepeana heshima na kushukiana kupitia kaunta hizo kuliko kupitia kongamano lolote la utamaduni ambalo nimewahi kuhudhuria.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sitaki kuipita kwa mzaha. Ni hoja ya unyonyaji. Yako mambo ambayo wapenzi wa zamani hawayasemi. Mizani nyingi zilikuwa na hila. Jiwe la kilo lililochimbwa tumboni, kibaba kilichobonyezwa kitako, kidole kilichobaki juu ya sahani ya mizani sekunde moja zaidi: vyote tuliviona, na watoto tulivijua kuliko wazazi, kwa kuwa macho yetu yalikuwa sawasawa na kaunta. Anayewaambia wanafunzi wa leo kwamba zamani wenye maduka walikuwa watu wa haki tupu anawadanganya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikukosea lilipouliza nani anafaidika na jasho la nani. Swali hilo lilistahili kuulizwa hata Sombetini, tena hata kwa mama yule aliyetufundisha shikamoo.

Ila jibu lililotolewa lilikuwa kosa la aina yake. Mwaka 1967 biashara ya kuagiza bidhaa na ya jumla ilitiwa mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa. Miaka ya mwanzo ya 1970 shirika hilo likagawanywa kuwa kampuni za mikoa, zile tulizoziita RTC. Mwaka 1973 ikaundwa Tume ya Bei. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, yenye nia kwamba maduka ya watu binafsi yaondoke na nafasi yake ishikwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Operesheni hiyo ililazimika kulegezwa baada ya muda mfupi, kwa kuwa mahali pengi duka la zamani lilifungwa kabla ya lile jipya kuwa na kitu cha kuuza. Wanauchumi wameandika sana kuhusu hasara yake. Mimi nataka kusema habari ya kosa lake la utamaduni, ambalo halijaandikwa vya kutosha.

Waliopanga operesheni ile waliliona duka kama mfereji wa kupitishia bidhaa, basi. Walidhani ukiutoa mfereji mmoja na kuuweka mwingine, maji yatapita vilevile. Lakini mwuzaji wa duka la mgawo hakuwa na ruhusa ya kukopesha. Hakuwa na ruhusa ya kugawa pakiti ya majani ya chai mara nne. Alikuwa na orodha ya kaya, iliyopitia kwa balozi wa nyumba kumi, na kazi yake ilikuwa kuweka alama mbele ya jina. Mtoto aliyetumwa kwake hakuwa na haja ya kusema kitu, alinyoosha kadi. Mazungumzo yalihama kutoka kwenye kaunta yakaenda kwenye foleni, na katika foleni watu walipochoka waliacha jiwe likawashikia nafasi. Nakumbuka mistari ya mawe alfajiri, kila jiwe na mwenyewe, na ugomvi mkali wa watu wazima kuhusu jiwe la nani lilisogezwa usiku.

Hata hivyo watu wetu hawanyamazi kabisa. Ulipoletwa unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani, uliitwa unga wa Yanga siku hiyo hiyo, kwa rangi ya jezi ya timu ile, na washabiki wa Simba wakalazimika kuula. Jina hilo halikutoka kwa kamati yoyote ya lugha. Lilitoka kwa watu waliokuwa wamesimama wakisubiri.

Itasemwa kwamba uhaba ule haukuletwa na sera peke yake. Kweli kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka huo mpaka mwaka 1983. Kwa mji kama Arusha, ambao barabara yake ya Namanga ilikuwa kama mshipa wa damu, pigo hilo lilikuwa kubwa kuliko kwingine. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilimeza akiba ya nchi. Bei ya mafuta ilipanda. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine, mwana wa Monduli, aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na wapo waliokutwa wameficha mali ambayo wananchi walikuwa wakiililia. Siwatetei hao. Nawatetea wale wa upande wa pili wa mtaa, wenye katoni moja ya sabuni, ambao walifunga milango kwa hofu, na pamoja na milango hiyo ikafungwa shule niliyoieleza. Msako haukujua, na pengine haukuwa na muda wa kujua, tofauti kati ya ghala la mlanguzi na rafu ya mjane.

Tofauti hiyo iliandikwa, kama mtu angetaka kuisoma. Iliandikwa katika daftari la madeni. Kila duka la mtaa lilikuwa nalo, limefungwa kamba, jalada lake limelowa mafuta, na kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake. Ukutani palikuwa na maneno yale ya onyo, kukopa arusi kulipa matanga, na chini ya maneno hayo hayo watu walikopa kila siku. Mtoto aliyetumwa kukopa alijifunza kitu ambacho mwenye fedha mkononi hakujifunza: kusema haja ya nyumba yake bila kuivua nguo. "Mama anasema atakuja mwisho wa mwezi." Sentensi hiyo ina sauti yake. Ukiisema kwa haraka unaonekana mwongo, ukiisema kwa unyonge unaiaibisha familia. Tuliifanyia mazoezi.

Daftari lilikuwa pia kamba ya shingoni. Mwenye duka aliyekudai hukuweza kumlalamikia kuhusu mizani yake, wala kununua kwa jirani yake hadharani. Na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Mama yangu alijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, na sikumbuki aliwahi kumaliza kitabu chochote cha madarasa hayo. Lakini nakumbuka siku aliyosimama mbele ya kaunta akaomba kuonyeshwa ukurasa wake, akausoma mstari kwa mstari kwa kidole, kisha akasema kwa upole kwamba sukari ya Jumanne hakuichukua yeye. Mstari ule ulikatwa. Hakuna ripoti ya kampeni ya kufuta ujinga itakayoweza kuniambia manufaa ya kampeni hiyo zaidi ya mstari ule uliokatwa.

Na kaunta haikuwa ya mauzo tu. Barua nyingi za Sombetini zilifika kwa sanduku la posta la mwenye duka, zimeandikwa "kwa mkono wa" fulani. Redio ya duka ndiyo iliyowakusanya watu kusikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania saa mbili usiku, na matangazo ya vifo yaliposomwa, sauti iliongezwa na mauzo yakasimama. Mchango wa msiba uliwekwa dukani kwa sababu hapo ndipo kila mtu angepita. Angalia majina ya vituo vya magari ya abiria Arusha: Kwa Mrombo, Kwa Iddi. Watu wetu hupima mji kwa mahali pa mtu wanayemfahamu.

Siku hizi wapinzani wamebadilisha wimbo. Hawasemi tena unyonyaji, wanasema maendeleo. Duka la mtaa, wanatuambia, ni dalili ya umaskini, nalo litatoweka mbele ya maduka makubwa yenye vikapu vya magurudumu. Haya, tuyatazame maduka makubwa hayo. Shoprite ya Afrika Kusini, iliyokuwa na duka hata hapa Arusha, iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake nchini mwetu mwaka 2015. Nakumatt yenyewe ilianguka, na mwaka 2020 wadai wake wakaamua ivunjwe. Muda wote huo Mangi wa Sombetini aliendelea kufungua saa kumi na mbili asubuhi. Sababu si siri. Kibarua anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, na hakuna duka kubwa lililokubali kumpimia mafuta ya kula ya kukaangia mboga ya usiku mmoja. Kuuza kidogo kidogo si ushamba. Ni ufundi, na ni heshima kwa mtu mwenye kipato kidogo: anapewa kiasi anachokiweza, anaitwa kwa jina, na haondoki mikono mitupu.

Kwa hiyo siogopi kwamba duka litatoweka. Ninaogopa kwamba litabaki likiwa bubu. Tembea Sombetini leo: maduka ni mengi kuliko ya utoto wangu, yamejaa, na mengi yana wavu wa nondo kati ya mwuzaji na mteja, jambo ambalo silaumu, maana wezi wapo. Lakini sukari iko tayari ndani ya mfuko uliopimwa, mafuta yako katika vipakti, na maandishi ya pakiti nyingi ni ya Kiingereza. Mtoto hana haja ya kusema nusu robo; ananyoosha kidole kupita kwenye nondo. Mara nyingi hatumwi kabisa, kwa kuwa wazazi wanahofia pikipiki, na wengine wanaona ni aibu mtoto wa shule ya kulipia kuonekana na chupa ya mafuta. Daftari nalo linapata mpinzani. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, duka limekuwa wakala wa fedha, na hilo ni jema. Lakini iko mikopo ya simu ambayo humjia mtu bila kumuuliza habari za watoto, na humdai kwa ujumbe usioweza kujibiwa kwa "mama anasema atakuja mwisho wa mwezi". Hakuna ukurasa wa kusoma kwa kidole.

Ni juu ya jambo hilo ambapo nina ugomvi na wale wenye dhamana ya utamaduni. Tumekuwa na Wizara inayoushughulikia utamaduni tangu mwaka 1962, na Baraza la Kiswahili la Taifa tangu mwaka 1967. Vyombo hivi vimefanya kazi kubwa ambayo siikani. Lakini msamiati wa vipimo vya dukani unakufa mbele ya macho yetu, na kijana wa kidato cha pili anaweza kufaulu mtihani wa Kiswahili asijue pishi ni vibaba vingapi, wala thumuni ilikuwa kiasi gani, wala kwa nini bibi yake husema mche wa sabuni na si kipande. Maneno hayo hayatahifadhiwa kwa kuandaliwa tamasha. Yatahifadhiwa kwa kwenda kuwauliza waliokuwa wakipima na waliokuwa wakipimiwa, ambao wengi wana umri mkubwa sasa.

Ningependa pia madaftari yale yatafutwe kabla hayajatumika kuwashia moto. Jengo la Kaloleni ambamo Azimio lilijadiliwa Januari 1967 sasa ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, na ni haki yetu kujivunia kwamba liko mjini kwetu. Ningeweka humo, mbele ya picha za viongozi, daftari moja la madeni la miaka ile, limefunguliwa katika ukurasa wa nyumba yoyote, jina limefunikwa, ili mwanafunzi aone wananchi waliokuwa wakizungumziwa walikula nini Jumatatu na walilipa nini tarehe 30.

Mwalimu wa Sombetini, wa Ngarenaro au wa Mbauda asisubiri waraka. Duka la kwanza liko hatua chache kutoka lango la shule yake. Aende saa nane mchana, wakati wateja ni wachache, akiwa na wanafunzi wanne na si darasa zima, kwa maana mwenye duka ana kazi yake. Waanze kwa kuamkia. Kisha wamwombe awaonyeshe vitu anavyopima bado kwa mkono wake, waandike jina la kila kipimo kama yeye anavyolitamka, na wakishamaliza wanunue kitu.